Nimekula "pakeji ya mama anaenyonyesha" wiki nne nzima, maoni yangu haya hapa

Mi sio mtu wa kuandika maoni kuhusu biashara za watu, nikila kitu kibaya nanyamaza narudi zangu nyumbani, ila hii nimeulizwa na wadada wa ofisini, nimeulizwa na wamama wawili tulokaa nao benchi moja kliniki, juzi nimeulizwa mpaka na wifi yangu, na kila mmoja nimemtumia voisi ya dakika sita. Sasa nimechoka. Naandika mara moja yaishe.

Jina la biashara naliacha. Ni dada mmoja tu anapikia nyumbani kwake na wasaidizi wake, na mengi kanifanyia vizuri, sitaki kumharibia riziki. Nnachoongelea ni hizi pakeji za chakula cha kupunguza uzito wanazotangaza kwa wanaonyonyesha, ambazo siku hizi Dar ziko nyingi kama vibanda vya chipsi.

Historia fupi. Mtoto wa pili, dume, anaitwa Ivan, sasa hivi ana miezi sita kasoro. Kabla ya mimba nlikua na kilo 64, siku naingia leba 83, nimetolewa arobaini niko 77. Na hapo arobaini yenyewe nimeimaliza kwa raha maana mi mtu wa Tanga, mume Mchaga, kwa hiyo nlilishwa na pande zote mbili. Asubuhi mama yangu ananiletea uji wa pilipili manga, saa nne mama mkwe anaingia na bakuli la mtori lina nyama mpaka kijiko kinasimama, mchana wali, jioni mtori tena. Ukisema umeshiba wanakuangalia kama umemkana mtoto. "Kula mama Ivan, maziwa hayatoki kwenye ukuta." Nikala. Sijutii, mtori ule naukumbuka mpaka leo.

Shida imekuja siku 84 za likizo zilipoisha. Sketi za kazini zote nne hazifungi. Nimevaa dera la harusi ya binamu na koti juu, naingia ofisini kama mtu anaekwenda kitchen party. Ndo jioni ile niko kwenye daladala naperuzi insta nakutana na tangazo: pungua kilo 8 ndani ya mwezi bila maziwa kukauka. Picha ya mdada tumbo flati kashika mtoto. Shosti, mtu umelala masaa matatu, unaamini kila kitu.

Bei 85,000 kwa wiki, siku tano, mlo wa mchana na wa jioni, juisi ya kijani, na "chai ya kuchoma mafuta" unapewa kama zawadi. Ukilipia wiki nne kwa mpigo ni 320,000 badala ya 340,000. Juu ya hapo unaacha 10,000 ya vyombo, wanarudisha mwisho. Nikalipa kwa simu usiku huo huo mume kalala, kesho yake ndo nikamwambia.

Nianze na mazuri maana yapo na sio ya kupaka rangi.

Chakula kitamu. Nasema kitamu kweli, sio kitamu cha "kwa dayati sio mbaya". Jumatatu ya kwanza kijana wa boda kafika saa sita kasoro, kontena mbili na chupa. Nafungua ya mchana, harufu ya kitunguu swaumu na limao ikajaa chumba kizima mpaka kaka wa uhasibu akageuza kiti. Kipande cha changu cha kuchoma, kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha na maganda yake, matembele yametiwa karanga kidogo sana, kachumbari ya tango na parachichi. Mafuta hayaelei. Nazi hamna lakini huikumbuki, na hapo anaongea mtu wa Tanga. Jumanne dagaa wa Kigoma na nyanya chungu. Jumatano kuku wa kienyeji na kisamvu. Alhamisi maini ya kuchemsha kisha yakapitishwa kwenye kikaango na hoho, hayo maini sijui anayafanyaje hayawi magumu kama ya kwangu. Ijumaa choroko. Huyu dada ana mkono, full stopu.

Na wanawahi. Siku 20 wamechelewa mara tatu, na mojawapo ilikua siku ya ile mvua, Jangwani pamejaa maji, mi mwenyewe nimefika kazini saa tano, nimlaumu nani. Meseji wanajibu. Vyombo visafi.

Sasa tuje kwenye kontena ya jioni.

Kontena ya jioni ndo ilonifanya niandike haya yote. Unafungua unakuta supu ya maboga, nyepesi, vijiko kama nane hivi nilihesabu, yai moja la kuchemsha limekatwa mara mbili ili lionekane mengi, na majani ya saladi. Pembeni juisi yao ya tango na tangawizi. Basi. Asubuhi hawaleti kitu, karatasi yao inakwambia kunywa chai yetu na tunda moja. Nyuma ya mfuniko kuna stika ndogo imeandikwa kalori 1,200 kwa siku, na mimi kipindi hicho kalori kwangu ni neno tu la kwenye jim, halinihusu.

Siku ya tatu saa nne usiku nimemaliza kunyonyesha, nasimama mikono inatetemeka. Nikaenda jikoni giza, sikuwasha taa, nikawasha tochi ya simu nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, nikafungua sufuria ya kiporo, wali maharage wa baridi, nikala nimesimama na mwiko. Mume kaja kunywa maji akanikuta. Hakusema kitu. Kachukua maji yake karudi kulala, ila kesho yake asubuhi nakuta mayai mawili na chapati mezani, ye mwenyewe kayakaanga, yameungua.

Ila mzani ulikua unanipa raha. Wiki ya kwanza kilo 2.3 zimeenda! Wiki ya pili 1.2. Nikapiga picha mzani nikaweka status, nikapata mioyo kibao. Nikajua hao wenye tangazo walikua wakweli mi ndo mbishi.

Hapo kumbe vitu viwili vinaendelea sivijui.

Cha kwanza ile chai. Naipenda harufu, ina mchaichai. Unakunywa kabla ya kulala, saa kumi alfajiri tumbo linakusokota unakimbia chooni, unarudi, unakimbia tena. Nikadhani ndo mafuta yanachomeka kama wanavosema. Siku ya tisa nikaangalia paketi vizuri: "majani asilia 9", hayatajwi, hakuna namba ya usajili, sio ya TMDA wale wa kusajili dawa, sio ya Baraza la Tiba Asili, ni kipaketi tu cha kahawia na picha ya kiuno. Nikampigia mwenye biashara.

"Dada samahani, hii chai ndani kuna nini na nini?"

"Ni majani tu mpenzi, tangawizi, mchaichai, mdalasini, na sanamaki kidogo."

Sanamaki! Mi mtu wa pwani bana. Bibi yangu Pangani alikua anatuchemshia sanamaki sisi watoto tukifunga choo, na siku hiyo hakuna kwenda mbali na nyumba. Sanamaki ni dawa ya kufungua choo, haijui mafuta wala kiuno, inachotoa ni maji na kilichopo kwenye utumbo. Yani zile kilo nilizoziweka status, nyingine niliziacha chooni. Na Ivan nae choo chake siku zile kilikua laini kupita kawaida, sijui kama ni hiyo chai au mambo yake tu, ila nimeizoa paketi yote nimetupa.

Cha pili maziwa. Sheria inatupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, lakini mi nakaa Tabata kazi Posta, niende nirudi kwa masaa mawili na foleni hii nina helikopta? Tukakubaliana na bosi natoka saa tisa, na mchana nakamua kwenye stoo ya mafaili. Mwanzo nlikua napata mililita 150 pande zote mbili bila jasho. Mwisho wa wiki ya pili nakamua dakika ishirini na tano natoa 80. Siku moja 60. Unakaa unaiangalia ile chupa unataka kulia, na pampu inaendelea kupiga kelele yake pale kama inakucheka. Jioni Ivan anashika ziwa anavuta, anaachia, analia, anashika tena. Mama mkwe kwenye simu: "Mwanzishie uji huyo mtoto, ana njaa."

Tarehe ya kliniki ikafika. Mwezi wa nyuma alikua na kilo 6.9. Anawekwa kwenye mzani, 7.0. Nesi, mmama mtu mzima ana miwani ya kamba, kachora nukta kwenye kadi, kaunganisha mstari, mstari umelala. Kaniangalia.

"Mama, umerudi kazini?"

"Ndio."

"Unakamua mara ngapi ukiwa huko?"

"Mara moja. Siku nyingine ikibana naruka."

"Na unakula nini?"

Nikatoa simu nikamuonesha menyu, kwa kujidai kabisa, nikajua atasifia mboga za majani. Akasoma mpaka chini akafika pale pa 1,200 akavua miwani akacheka.

"Hii ni ya mtu anaekaa peke yake. We hapo mnakula wawili."

Hakunigombeza, na nilikua nimejiandaa kugombezwa. Akanieleza kwa lugha ya kawaida nikaelewa kuliko video zote nilizowahi kuona. Mtoto wa umri ule anavuta kama mililita 750 hivi kwa siku, na maziwa hayo yanabeba karibu kalori 500. Sehemu ya hizo mwili unachukua kwenye yale mafuta tuliyojaza mapajani na kiunoni wakati wa mimba, ndo kazi yake yapo pale, na ndo maana mama anaenyonyesha anaweza kupungua huku anakula. Iliyobaki itoke kwenye sahani. Ukimpa mwili 1,200 na unataka utoe maziwa ya 500, unabaki na nini cha kupandia ngazi za ofisi? Akasema nusu kilo kwa wiki inatosha, na mtu anaenyonyesha asishuke chini ya 1,500 kwa vyovyote, wengi wetu tunahitaji zaidi ya hapo, hasa mtoto akiwa bado anategemea ziwa tupu.

Lakini, na hapa naomba niwatendee haki wenye pakeji, kitu cha kwanza alichonisisitizia sio chakula. Ni kukamua. Ziwa linatengeneza kadiri linavyotolewa, ukiruka mara moja leo na kesho, mwili unajua huyu mteja amehama. Akaniambia rudisha mara mbili kazini, usiku usimnyime, na jumamosi jumapili kaa nae kifua wazi anyonye anavotaka. Maji kunywa ukisikia kiu, hizo lita tano za kwenye mitandao ni kuchosha figo na kutafuta choo. Na uji subiri, miezi sita itimie. Hilo nikaomba aliseme nilirekodi nimpelekee mama mkwe, akakataa kurekodiwa lakini alicheka.

Nimetoka pale sina hasira na nesi, nina hasira na 320,000.

Usiku huo nikamwandikia mwenye biashara meseji ndefu, nimeifuta mara mbili maana ya kwanza ilikua na matusi. Nikamwambia chakula chako kitamu lakini hii sio pakeji ya mama anaenyonyesha, hii ni ya bibi harusi, we umebadilisha picha tu. Nilitegemea anibloku. Kapiga simu saa tatu usiku.

"Dada yangu naomba unisamehe. Menyu nlipewa na mwalimu wa jim, mi mwenyewe sijazaa bado."

Sasa hapo unamfanyaje. Tukakaa kwenye simu nusu saa tukapanga upya. Juisi toa, chai toa. Asubuhi aniletee uji wa ulezi, mzito, nusu lita, na karanga za kuchemsha kwenye kimfuko. Mchana samaki au nyama iongezwe iwe mara mbili ya ile, dagaa wajae, na kiazi viwe viwili. Jioni iwe chakula: ndizi za kupika na maharage, au ugali wa dona kiasi cha ngumi na mlenda na samaki, parachichi nusu. Akataka aongeze 10,000 kwa wiki, nikamwambia tango na sanamaki umezitoa hizo nazo zilikua hela, tukabishana, tukaishia 5,000. Nimelipa.

Wiki ya tatu nimepanda nusu kilo. Nimeogopa! Nesi alishaniambia maji yaloenda na ile chai yatarudi, kwa hiyo nikajikaza. Wiki ya nne nikashuka nusu. Ukipiga hesabu yote mwezi mzima nimetoka 76 nimefika 72.5, yani kilo tatu na nusu, sio nane, na zaidi ya nusu ya safari hiyo sikutembea kwa njia ya halali. Ila maziwa yalirudi. Haikua kesho yake, ilichukua kama siku nane, mara mbili kwenye stoo ya mafaili, saa nne na saa saba. Siku napata 140 nimemtumia mume picha ya chupa, kanijibu "hongera Tanga Fresh", kama ile kampuni ya maziwa, mjinga yule. Kliniki iliyofuata Ivan 7.6 na mstari unapanda, nesi kaugonga na kalamu mara mbili hivi, kamwita anaefuata.

Sasa mtu atauliza ninunue nisinunue. Kama nyumbani una dada wa kukusaidia au una muda wa kwenda sokoni, mi nakwambia bakiza hela yako. Nyuma ya ofisi yetu kuna mama lishe, sahani 3,500: samaki, maharage, mchicha na ugali. Siku hizi namwambia mama nipe ugali nusu mboga mara mbili na hayo mafuta ya juu niache nayo, siku ya kwanza kaniuliza "mwanangu unaumwa?" sasa hivi akiniona anajua. Siku 20 ni 70,000. Jioni napika nyumbani, asubuhi uji wa ulezi nasaga mwenyewe, chapati nimeziweka jumapili tu na soda nimeacha kabisa, hiyo soda nadhani ndo ilikua adui yangu mkubwa na sikuwahi kuihesabu kama chakula. Nashuka polepole, kuna wiki sishuki.

Ila kama uko peke yako, mume safari, mtoto analia, umeme umekatika na hata kumenya kitunguu ni mtihani, basi mtu wa kukuletea dagaa na kisamvu mlangoni ni mtu wa kumshukuru, mwagize, ila muulize kabla hujatuma hela: kwa siku nzima ni kalori ngapi, jioni kuna nini ndani ya hiyo kontena, na asubuhi nakula nini. Akikwambia kilo nane kwa mwezi funga simu. Akikupa chai ya zawadi muulize majina ya majani, yote, akianza "ni asilia tu mpenzi" mwachie chai yake, hata sumu ya panya kuna asilia.

Nyota nampa tatu na nusu kati ya tano. Ladha na kuwahi ningempa tano, tangazo ningempa sifuri, na kule kupiga simu saa tatu usiku akasikiliza ndo kumempandisha. Nasikia tangazo kashalibadilisha, ile ya kilo nane imetoka, ila mdada wa tumbo flati bado yupo.

Hela ya vyombo wamenirudishia jana. 8,000. Buku mbili wamekata ya mfuniko mmoja ambao Ivan ameuotea meno, na sijabisha, meno yenyewe mawili yanaonekana pale.